Tupeane uzoefu: Krismasi ya jua kali kwenu huwa vipi?

Wakuu, salaam. Huku Dar kaskazi imeshaanza, joto halipungui hata usiku, na mikrismasi ya barabarani imechanua nyekundu mti mzima. Madukani wametundika theluji ya pamba. Mimi naipenda sikukuu yetu kama ilivyo, na ningependa tuandike hapa desturi zake kabla wazee wanaozijua hawajatutoka. Kwenu ni kitu gani kisipokuwepo mnaona Krismasi haijafika?

Naanza. Nimekulia Temeke, nyumba ya kupanga, majirani wengi Waislamu. Mbuzi au kuku wa sikukuu baba hakumchinja yeye. Alimwita baba wa chumba cha jirani achinje, ili pilau iliwe na nyumba nzima bila mtu kubaki pembeni. Sisi watoto tulikuwa tunapeleka sahani zimefunikwa kawa, mlango kwa mlango, halafu ndiyo tunakaa kula. Idi ikifika, sahani zinakuja kwetu. Hakuna aliyetuhubiria kuhusu ujirani, tuliuona tu. Mchana nguo mpya, jioni Coco Beach kama nauli ipo.

*

Mzawa wa Rombo:
Kwetu Krismasi ni kurudi. Mchaga anaweza kukaa Mbeya au Mwanza mwaka mzima, lakini Desemba lazima apande mlimani. Tiketi za basi pale Mbezi tunakata mapema, ukichelewa utasimama na mabegi yako hapo stendi.

Ukifika, kazi ya kwanza ni kihamba, shamba la migomba la ukoo: kufyeka njia, kusafisha makaburi ya babu na bibi maana wamelala hapo hapo migombani, kuweka maua. Tarehe 25 baada ya ibada mbuzi anachinjwa, na nyama haigawanywi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, kuna cha mkubwa wa ukoo, kuna cha mama, kuna cha shangazi aliyeolewa kijiji cha pili. Mtoto anayekaa hapo anaangalia mgao anajua ukoo wake umepangwaje. Kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kinanywewa kikiwa cha moto, mtori wa ndizi upo kwa wasiokitaka, na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inazunguka kwenye kata.

Lakini kwangu kilele ni kikao cha ukoo. Mambo ya mipaka, ndugu waliogombana, mtoto aliyemjibu baba vibaya, yote yanaletwa hapo. Aliyekosa anakuja ameshika isale, jani letu la kuombea msamaha, na ukiletewa isale si kwamba unasamehe kwa kujipendea, unasamehe kwa sababu huwezi kulikataa. Nimeona baba zangu wakubwa wawili waliokuwa hawasalimiani wakila sahani moja siku hiyo. Ndiyo maana huwa nasikitika vijana wakisema wanatuma hela tu, wao wanabaki mjini. Hela haikai kwenye kikao.

*

Mama wa Kakamega:
Sisi ni chapati. Zamani unga wa ngano nyumbani haukuwa wa kila siku, kwa hivyo mtoto aliingoja Desemba. Mama na shangazi walianza kukanda alfajiri, moshi wa kuni umejaa jikoni, na chapati zikapangwa kwenye sufuria kubwa zikafunikwa kitambaa. Kuku alikuwa wa wageni kwanza. Siku hizi chapati tunakula hata Jumanne, ila ile ya Krismasi bado naikanda kwa mkono wangu mwenyewe. Sinunui.

*

Wa Uvira, sasa Melbourne:
Huku nako Noeli ni ya joto, wengi hawajui. Desemba ni kiangazi, jua linazama karibu saa tatu usiku, Waaustralia wanachoma nyama nje na kula kamba baridi, wengine wanashinda ufukweni. Wana desturi nzuri ya kukusanyika bustanini usiku na mishumaa kuimba nyimbo za Noeli, ilianza hapa hapa Melbourne mwaka 1938. Mwaka wa kwanza nilikaa ndani nalia. Kisha Wakongo na Warundi wa kanisani tukaanza kukutana bustanini na sombe (kisamvu), mikate na samaki, tunaimba kwa Kiswahili mpaka giza liingie. Watoto wangu wamezaliwa huku, na nyimbo zile wanazijua zote.

*

Mwanzisha mada:
Wa Melbourne, umenigusa sana. Mungu awatunze. Mzawa wa Rombo, shemeji yangu ni wa huko na mwaka huu tunapanda naye. Mbege ya sikukuu inaanza kuandaliwa lini?

*

Mzawa wa Rombo:
Karibu sana. Ndizi zikatwe mapema, zisubiri kuiva vizuri, kisha zichemshwe muda mrefu na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, uji wake unapikwa na gome la msesewe ili upate uchungu. Ukishachanganya jioni, kesho yake inanyweka. Mwambie shemeji apige simu nyumbani mwanzoni mwa Desemba, asingoje wiki ya sikukuu.