Usiku wa kuamkia leo nimeulizwa "KWANI WEWE UNALIPWA KUFANYA NINI?" na mtu anayetumia kazi yangu bure miaka mitatu

Wakuu habari za asubuhi, ingawa yangu siyo njema, sijalala. Ninayemsema hapa nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja, kama umewahi kupewa risiti yenye kiasi kwa maneno pale chini basi mshakutana.

Mimi nina kaprogramu kangu pale GitHub, mtandao ambako watu huweka programu zao hadharani, kadogo, mistari kama mia nne, kazi yake moja tu, unakapa namba kanakurudishia maneno ya Kiswahili. Ukikapa 12,500 kanasema elfu kumi na mbili na mia tano. Nilikaandika 2019 nikiwa chuo nikakawekea leseni ya MIT, yaani chukua, tumia, uza, usinilipe, ila kakikulipukia shauri yako. Imeandikwa mle kwamba hakuna dhamana ya aina yoyote, tena kwa HERUFI KUBWA, ni leseni inayopiga kelele yenyewe.

Sasa jana saa sita kasoro dakika ishirini usiku, nishapanda kitandani, mama watoto keshazima taa, simu ikalia. Ishu mpya, yaani lalamiko kwenye ukurasa wa mradi, imefunguliwa, kichwa chake "HARAKA SANA". Eti risiti ya mteja wao imetoka "elfu mia moja na hamsini", mteja kasoma laki moja na shilingi hamsini wakati alilipa laki na nusu, kawasha moto ofisini kwao. Sawa, hilo tatizo ni la kweli, Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, elfu ikitangulia hujui ile hamsini ni ya maelfu au ya shilingi, na nimelieleza kwenye maelezo tangu siku ya kwanza, kuna swichi ya laki, ukiiwasha kanasema "laki moja na elfu hamsini" mchezo umeisha. Hawajasoma. Nani asome. Nikawajibu kwa adabu zote, kaka washa ile swichi, ikigoma nitaangalia Jumamosi.

Ndo akaandika sasa, hadharani, mbele ya Wachina na Wabrazili ambao hata Kiswahili hawajui ila nina uhakika waliona aibu kwa niaba yangu:

"Jumamosi mbali. Kwani wewe unalipwa kufanya nini?"

Wakuu. UNALIPWA. Mimi. Na nani? Nilienda kuangalia salio nikidhani labda kuna hela inaingia siku zote sijaambiwa, nikakuta 1,340 na meseji ya kudaiwa bando nililokopa. Mapato ya mradi tangu uanze ni elfu kumi, alinitumia kijana mmoja akasema ya soda, wiki iliyofuata akataka nimwandikie projekti yake ya mwaka wa mwisho.

Na asubuhi hii wameniletea fomu ya mzabuni, kurasa 9, wanataka TIN, leseni ya biashara, cheti cha kutodaiwa kodi na jina la meneja wa huduma kwa wateja. Idara nzima ya huduma kwa wateja ni mimi na paka.

Unalipwa kufanya nini. Nimepiga mswaki nayo. Nimepanda daladala, konda anasema sogea nyuma bro, mimi nasikia unalipwa kufanya nini. Nafikiria kufuta mradi wote leo saa saba wakiwa wanakula, risiti zitoke tupu tuone nani analipwa kufanya nini.

#2 Mzee wa Kokoto
Pole mkuu, ila nani alikushikia panga? Umemwaga mtama penye kuku wengi halafu unagombana na kuku.

#3 Kisonoko
Uzi mrefu sijasoma. Kwani unalipwa kufanya nini? 😂😂

#4 sevaimelala
Mkuu uko kwenye kundi la wakubwa. Daniel Stenberg, yule wa curl, programu ya bure ya kuhamishia data mtandaoni, Januari 2022 aliandikiwa na kampuni kubwa ya Marekani wanataka ajibu maswali yao ya usalama kuhusu Log4j, programu nyingine kabisa iliyokutwa na tundu, ndani ya saa 24. Log4j ni ya lugha ya Java, curl imeandikwa kwa lugha ya C, ni sawa na kumuuliza muuza samaki bei ya matairi. Akawajibu kistaarabu kwamba atajibu yote wakishasaini mkataba wa huduma. Wakarudi tena wakamwita David.

#5 Mzee wa Kokoto
Heri wewe #1 hujaitwa hata jina

#6 BintiKodi
Usifute kaka, nakuomba. 2016 jamaa mmoja aliondoa left-pad kwa hasira, mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno, miradi kibao ikashindwa kujengeka mpaka npm wenyewe, wenye ghala ilipokuwa, wakairudisha. Ukifuta, wao wana kopi zamani, utakaoumiza ni sisi wadogo tunaoitumia. Weka namba ya kuchangia tu.

#7 Kisonoko
Namba ya kuchangia 🤣 OpenSSL hiyo inayolinda nusu ya intaneti, mpaka lile tundu la usalama la Heartbleed linatokea 2014 michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Nusu ya intaneti! Wewe na risiti zako utapata maandazi.

#8 msaidizi_mwema (mwanachama mpya, ujumbe 1)
Habari kaka, nimeguswa sana na uzi wako. Naona umechoka. Nipe ruhusa ya kuingiza mabadiliko niwe nakusaidia, wewe upumzike na familia.

#9 sevaimelala
HUYO #8 MNYIME HATA MAJI. Ya xz, ile programu ya kubana mafaili, mmesahau? Jamaa anatunza peke yake, kachoka, akaja msaidizi mpole hivi hivi, akasaidia zaidi ya miaka miwili kumbe anachonga mlango wa nyuma. Mlango ukagundulika Machi 2024 sababu injinia mmoja aliona kuingia kwenye seva kunachelewa nusu sekunde.

#10 msaidizi_mwema (mwanachama mpya, ujumbe 2)
Jamani mimi ni mwalimu wa msingi

#11 Mama Cherehani
Wanangu nyie mna nafuu, angalau mnasumbuliwa na watu hamuwaoni. Mimi mtu analeta suruali, "dada nibane kiuno tu, ni dakika tano", nikisema elfu tatu anashangaa, eti kwani nyuzi bei gani. Jana kaja mmoja na gauni la bei ghali kushinda cherehani yangu, anaomba punguzo.

#12 Mzee wa Kokoto
Mama umenikumbusha. Mimi mtu ananiita nikamkadirie kokoto za msingi, napiga hesabu jua kali, halafu anachukua karatasi yangu anaenda kununua kwa mwingine.

#13 BintiKodi
Ila hebu tuwe wakweli, nani duniani anasema "laki moja na elfu hamsini"? Ni laki na nusu.

#14 Kisonoko
Laki na hamsini.

#15 Nyali Kid
Huku Mombasa ukiniambia laki na hamsini nakupa laki na hamsini bob, tusizozane.

#16 Mleta uzi
Wakuu tusitoke kwenye mada, mimi nimetukanwa

#17 Kisonoko
Nyali Kid ndo wewe ulisoma ile risiti nini

#18 BintiKodi
😂😂😂 Mama Cherehani, nina sendofu ya dada yangu Ijumaa, nikileta kitambaa leo unaniwekea lini?

#19 Mama Cherehani
Leo nina foleni mwanangu. Jumamosi.

#20 BintiKodi
Jumamosi mbali mama