Naomba ushauri: tunu za mzee, yaani mambo anayoyathamini, ziingieje katika usanifu wa roboti ya kumsaidia?

Mwanzisha uzi:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimo katika kikundi kinachobuni roboti ya nyumbani ya kuwasaidia wazee: iwaokotee vitu, iwakumbushe dawa, na itoe taarifa mtu anapoanguka. Usalama wa mitambo tunao mwongozo wake, yaani kiwango cha kimataifa cha ISO 13482 cha mwaka 2014 kuhusu roboti za huduma binafsi. Kinachotutatiza ni kwamba watoto wa wazee hao wanataka kamera kila chumba, ilhali wazee wengi wanakataa kutazamwa, na hata wao kwa wao hawakubaliani. Tufanyeje ili jambo analolithamini kila mzee liongoze usanifu tangu mwanzo?

Msanifu:
Ndugu, anzia kwenye usanifu unaozingatia tunu, ambao mtafiti Batya Friedman na wenzake waliuasisi Marekani katika miaka ya 1990. Humtazama mtumiaji wa kifaa pamoja na yule anayeguswa nacho bila kukitumia, kama vile mgeni atakayenaswa na kamera hiyo. Baadaye Aimee van Wynsberghe, mtafiti wa maadili ya roboti, aliupeleka kwenye roboti za huduma, akitaka roboti ipimwe ndani ya tendo mahususi la kuhudumia.

Muuguzi:
Hilo la tendo mahususi ndilo lenye uzito. Usimwulize mzee kama anathamini uhuru wake, kwa maana hakuna atakayesema hapana. Mpitishe katika kuamka, kuoga, kuvaa na kula, umwulize ni lipi hataki kufanyiwa, na nani asiwepo. Yuko mzee atakayeona nafuu kuogeshwa kwa msaada wa mashine, kwa kuwa haimtii haya kama anayoiona mbele ya mwanawe. Na yuko mwingine ambaye mkono wa mhudumu ndio pekee unaomgusa siku nzima, hivyo mashine hiyohiyo kwake ni kutelekezwa. Yuko pia anayetaka kujiendea mwenyewe, japo polepole, na roboti isiyojua kusubiri itampokonya nguvu alizobakiwa nazo. Tafadhali msiwatafutie wastani.

Fundi:
Kuhusu kamera, mtu aliyeanguka anaweza kutambuliwa kwa rada au kwa vihisio vya sakafuni, data zikachakatwa ndani ya kifaa, na kinachotoka nje kikawa taarifa ya kuanguka tu. Hata hivyo, rada nayo inaweza kuonyesha mtu ameamka mara ngapi usiku, kwa hiyo mzee mwenyewe ndiye aamue nani aambiwe nini, naye awe na swichi anayoifikia akiwa ameketi.

Mwanzisha uzi:
Nawashukuru sana. Na anayepoteza kumbukumbu je?

Muuguzi:
Asikilizwe mapema, angali anaweza kujiamulia, na maelekezo yake yapitiwe upya kadiri hali inavyobadilika. Lakini akiisukuma roboti leo, kukataa kwake kwa leo kuheshimiwe hata kama zamani aliikubali. Na ikiwa kuna hatari ya papo hapo, roboti imwite mtu, isimlazimishe.