"Si ni waya tu, mama"

Wadau, mikono inanitetemeka. Yule nyapara wa mtaro hapa Kondele, Kisumu, mnamjua, yule ambaye tumbo lake hufika kona kabla yake. Leo saa nne tingatinga lake limeng'oa faiba, kebo ya intaneti, mbele ya saiba yangu. Namkimbilia, ananijibu: "Si ni waya tu, mama."

Waya tu! Ndani nilikuwa na wateja sita, kijana mmoja amebakisha kubonyeza mara moja fomu yake ya mkopo wa masomo wa HELB iende. Na utepe wa onyo ulikuwa palepale kwenye udongo, herufi za kusomeka kutoka Mbita. Akaupangusa tope kwa kiatu, akausoma, ndipo akasema si ni waya tu. Alisoma kwanza!

Hata kebo ya baharini, kuivunja kwa makusudi au kwa uzembe ni kosa. Mataifa yalikubaliana hivyo Paris 1884, Kisumu haijaona hata reli. Mwanga utoke Mombasa, upite Nairobi na Nakuru ndani ya kioo chembamba kama unywele, uje ufie Kondele mikononi mwa mtu anayetafuna mahindi? Aliyempa kibali cha kuchimba hakumpa ramani? Mbona hakuna anayeshtakiwa? Si ni waya tu. Nitaisikia hadi kaburini.

Omena_Kavu: Intaneti imekatwa lakini uzi umefika. Umepitia wapi, dada?

Mwenye uzi: Bando ya shilingi 20, na inaisha. Wewe cheka. Alisoma kwanza!

Baharia_Mstaafu: Hata baharini hakuna usalama. 2012 meli iliangusha nanga Mombasa pasiporuhusiwa, kebo ya intaneti ya TEAMS ikakatika. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zikaenda kwa pamoja, intaneti ikazorota nchi nzima.

Kibuye_Juu: Ni huyo huyo! Kwetu alisema "si ni paipu tu." Maji hatujayaona tangu Jumanne.

Mtu_wa_Nakuru: Nyinyi afadhali mtaro wenu una nyapara. Huku wamechimba wakatoroka, jana boda imetumbukia na abiria na kuku wake wawili.

Omena_Kavu: Kuku walipona?

Mtu_wa_Nakuru: Mmoja.

Kibuye_Juu: Jamani, maji! Mtungi wa lita 20 sasa ni 50.

Omena_Kavu: 50? Nyalenda ni 30.

Kibuye_Juu: Nyalenda upande gani? Nakuja na mkokoteni.