Pai za Jumapili: gumzo la kikundi cha familia

Shangazi Rehema: Hamjambo wanangu. Jumapili nataka pai mbili mezani, moja ya chumvi na moja tamu. Semeni mnazozipenda, nami nitaamua.

Neema: Shikamoo shangazi. Kuku na uyoga! Ile yenye mchuzi mweupe mzito na karoti ndogondogo, juu ganda la tabaka tabaka. Ukilichoma kisu tu, harufu inajaa nyumba nzima.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu.

Idi: Shikamoo shangazi. Mimi nyama ya kondoo ya kusaga, juu viazi vya kuponda vilivyopiga rangi.

Neema: Kaka Idi, hiyo haina ganda. Itaitwaje pai?

Idi: Waingereza wanaiita pai miaka yote. Viazi ndiyo ganda lake. Unachora mistari kwa uma kabla ya kuiingiza kwenye oveni, na zile kingo zinakauka zinakuwa kahawia. Hapo ndipo utamu ulipo, dada.

Zuhura: Tamu ni tufaha, sibadilishi. Lakini yawe ya kijani, Granny Smith, yale machachu. Yanaiva bila kuvurugika, na uchachu wake unaizuia sukari isikinaishe. Mdalasini na limau, basi.

Baba Mdogo Hamisi: Malenge mnayasahau? Mayai, maziwa, tangawizi, kungumanga. Wamarekani wanaila sana Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Siri yake ni kuitoa katikati kukiwa bado kunatikisika kidogo, joto lililobaki linaimalizia. Ukisubiri mpaka ikaze yote, itapasuka juu.

Zuhura: Hiyo naikubali, baba mdogo. Ila kuna ile ya Ufaransa, tarte Tatin, tufaha zinapikwa kwanza kwa siagi na sukari mpaka karameli, ganda linawekwa juu, ikiiva inapinduliwa kwenye sahani. Ganda halilowi, maana muda wote wa kuoka lilikuwa juu. Mimi hiyo naipenda mno.

Bibi: Nimewasoma nyote. Mnashindania vya ndani, ganda hamna habari nalo, na pai ni ganda! Kwa uzito, unga sehemu tatu, siagi mbili, maji moja. Siagi iwe baridi kabisa, na maji ya barafu. Isisagike ikapotea, ibaki vipande kama njegere. Ndani ya oveni maji yaliyomo kwenye siagi yanageuka mvuke, na mvuke ndio unaonyanyua zile tabaka. Ikiyeyukia mikononi, tabaka hupati. Wala usikande kama mkate, ganda litakuwa gumu na litasinyaa. Likusanye tu, lifunike, lipumzike kwenye friji.

Neema: Shikamoo bibi. Na chini je? Pai nyingi za kununua, ganda la chini limelowa kama uji.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Mchuzi upoe kabisa kabla hujaumimina. Ukiwa wa moto unayeyusha siagi hata oveni hujaifikia. Ya malenge, ganda lioke kwanza tupu, karatasi juu na maharage makavu ya kulikandamiza lisivimbe. Na ya kuku msisahau kutoboa juu, mvuke upate pa kutokea.

Shangazi Rehema: Asante mama. Nimeamua. Ya chumvi ni kuku na uyoga. Tamu ni tufaha, ya kawaida yenye ganda chini na juu. Zuhura ataioka Jumamosi jioni, maana ikikatwa ya moto maji yote yanamwagika. Ikipoa, ule utomvu wa tufaha unashika. Ganda lote atatengeneza mama, Neema amsaidie.

Baba Mdogo Hamisi: Na malenge?

Shangazi Rehema: Mwezi ujao, mdogo wangu, na utaioka wewe. Idi, nitakupikia bakuli lako la viazi pembeni.

Idi: Asante sana shangazi. Nyama ya kondoo lakini?

Shangazi Rehema: Ya kondoo.