Uliyewahi kuvalisha injini ya gari la zamani hedi (kile kipande cha juu chenye vali) ya kampuni nyingine, njoo tupeane uzoefu

MzeeWaKabureta:
Wakuu, heshima zenu. Binamu yangu aliyeko Uingereza kanitumia video ya Mini, kale kagari kadogo ka Kiingereza, yenye injini ya cc 1275, boneti iko wazi, na juu ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini chenye silinda, imekaa hedi ya pikipiki ya BMW K1100: vali 16, kamshafti (mihimili ya kufungulia vali) mbili juu. Tangu niione usingizi umekata. Hapa Moshi ninayo Mini ya marehemu baba, bloku nzima kabisa, ila hedi yake imeshachongwa mpaka haichongeki tena. Waliowahi kufanya mambo haya, kwa Mini au gari lolote la zamani, waje watupe yaliyowakuta. Na tusianze na "haiwezekani". Lotus alifanya 1962, akachukua bloku ya Ford Kent akaivika hedi yake ya kamshafti mbili, ikaingia kwenye gari lake la Elan, kisha kwenye Ford Cortina, na dereva Jim Clark akabeba nayo ubingwa wa mbio za magari ya saluni Uingereza 1964.

ChumaChakavu:
Lotus ni kiwanda, mkuu. Wewe una grainda na dua.

MgeniWaCoventry:
Mzee, umenikumbusha mbali. Huku nilimsaidia jirani, mzee wa Kiingereza aliyestaafu, kazi hiyohiyo unayoiota. Ngoja nimwage yote.

Kinachowatia watu tamaa ni kipenyo. Silinda ya Mini 1275 ina milimita 70.6, ya K1100 ina 70.5. Ukiilaza hedi juu ya bloku, vyumba vya moto vinatua kwenye silinda kama vilizaliwa pamoja. Hapo ndipo kila mtu anapotoa pochi.

Halafu unaanza kuona. Stadi za Mini, zile nondo za kubania hedi, hazikutani na matundu ya hedi ya BMW, kwa hiyo bloku inatobolewa upya. Matundu ya pushi rodi, vile vijiti vya kusukuma vali kutoka kamshafti ya chini, yanazibwa, maana kamshafti sasa ziko juu. Njia za maji nyingine zinazibwa, nyingine zinafunguliwa, na gasketi inatengenezwa ya kwake peke yake. Mnyororo wa pikipiki wa kuzungusha kamshafti unaachwa, unatafutiwa taimingi belti. Mgandamizo nao unapaa: silinda ya K1100 ni cc 273 hivi, ya 1275 ni cc 318, na chumba cha moto ni kilekile kidogo. Lazima pistoni zenye bakuli kichwani, na nafasi ya vali.

Sasa lililotutoa jasho. Kwenye pikipiki ile injini imelala ubavu, kwa hiyo oili ya kwenye hedi inateremkia upande mmoja. Kwenye Mini hedi inasimama. Karakana iliyochonga hedi ilituhakikishia kwamba njia ya kurudisha oili imeshashughulikiwa. Tukawasha, mlio mtamu, mzee akatokwa na machozi. Tukatoka barabarani. Kwenye mzunguko wa pili taa ya oili ikapepesa, tukinyoosha inazima, tukikata kona inarudi. Halafu moshi wa bluu, gari la nyuma likawa halionekani. Tukazima palepale katikati ya njia, watu wanapiga honi. Kuvuta kijiti cha oili, kikavu. Kufungua kifuniko cha hedi, kamshafti zinaogelea! Oili yote imepanda na haikuwa na pa kushukia. Na mnajua Mini giaboksi inakaa ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inakunywa oili ileile ya injini. Ningechelewa kuzima, bearingi na gia zingekwenda pamoja. Karakana nyingine ikatoboa njia ya nje, bomba nene kutoka kwenye hedi mpaka chini, na tangu hapo gari linatembea.

BintiSpana:
Acha kabisa. Hapo kwenye oili nimeshika kifua.

FundiWaGerezani:
Mzee wa Kabureta, mwanangu, nisikilize. Tafuta hedi yako ya asili, ile yenye namba 12G940, ikae kwenye bloku ya baba yako. Gari la urithi halifanyiwi majaribio. Mimi nimeona watu wakibadilisha kitu kimoja, wakabadilisha kingine, mwishowe kilichobaki cha mzee ni usukani.

ChumaChakavu:
Naunga mkono hoja.

BintiSpana:
Fundi, kwa heshima yako, nakataa. Hedi ile ya asili ina matundu mawili tu ya kuvutia hewa kwa silinda nne na matatu ya moshi. Injini inapumua kwa kugombania. Gari la urithi linaloozea uani linamheshimu nani?

FundiWaGerezani:
Mwanangu, lililoozea uani lilikosa mtu wa kubadilisha maji ya rejeta. Halikukosa vali 16.

DerevaWaNyandaTatu:
Nyie mnagombania Mini, mimi nilikutana na Israeli kwenye mlima Kitonga. Pajero yenye injini ya dizeli ya Mitsubishi, 4D56, hedi ikapasuka katikati ya vali, ugonjwa wao wa kila siku. Fundi mmoja akatuletea hedi ya Hyundai Galloper, akasema ni pacha. Kweli ilikaa, boliti zote zikaingia. Nikapakia familia, tunatoka Morogoro kwenda Iringa. Usiku, tunapanda Kitonga, mbele lori limejikokota, nyuma semi imenibana. Nikasikia pa! kama fimbo kwenye bati. Injini kimya. Breki nikakanyaga mara ya kwanza ikashika, ya pili ikawa ngumu kama jiwe, hakuna tena pampu ya kuvuta upepo. Gari linarudi nyuma! Hendibreki nimening'inia nayo kwa mikono miwili, watoto wanalia, mama watoto anasoma Baba Yetu. Utingo wa ile semi, Mungu ambariki popote alipo, aliruka na kigogo akakipachika chini ya tairi. Asubuhi ndipo tukafungua: fundi aliturudishia ule mkanda mdogo wa balansi wa zamani. Ulikatika, nyuzi zikaingia kwenye mkanda mkubwa, taimingi ikaruka, roka zikavunjika.

Mama_Ilula:
Yesu wangu! Watoto walikuwa salama?

DerevaWaNyandaTatu:
Salama kabisa, dada.

ChumaChakavu:
Pole sana kaka. Lakini hiyo si ya uzi huu. Hyundai walitengeneza 4D56 kwa leseni ya Mitsubishi, wakaiita D4BF. Ni injini ileile.

DerevaWaNyandaTatu:
Ileile wakati wa kununua. Kuna hedi ambazo vali zimezama na kuna ambazo zimelingana na uso, na pistoni zake ni tofauti. Ungekuwa kwenye ule mlima usingeniambia habari za leseni.

Mama_Ilula:
Mwacheni kaka wa watu. Na ile kona ya juu Kitonga siku hizi malori yanapishana vipi?

YakheWaMuscat:
Turudini kwenye hedi, jamaa zangu. Huku bin ami yangu ana Range Rover ya zamani, V8 ya 3.5. Injini ile asili yake ni Buick, Rover wakanunua haki zake 1965. Yeye kaitia hedi za aluminiamu za Buick 300 za 1964, mwaka huo mmoja tu, baadaye Buick wakarudi kwenye chuma. Vali kubwa, matundu mapana. Lakini chumba cha moto ni kikubwa pia, mgandamizo ukashuka, gari likawa zito kuliko mwanzo mpaka alipobadilisha pistoni. Kwa hiyo Coventry kwako umepanda, kwetu umeshuka. Pimeni ujazo kwa sirinji na oili kabla hamjanunua chochote.

BintiSpana:
Swali kwa Coventry. Pampu ya oili ya Mini inazungushwa na mkia wa kamshafti ya asili, ile ya chini. Kamshafti hiyo mliitoa?

MgeniWaCoventry:
Hapana dada, ukiitoa huna presha hata tone. Tuliikereza vidole vyote vya kusukuma vali, ikabaki mhimili mtupu wa kuzungusha pampu.

FundiWaGerezani:
Huyo mtu anajua kazi. Bado nasema 12G940.

MzeeWaKabureta:
Nimesoma yote, asanteni. Fundi, hiyo 12G940 ukiipata niwekee, nitaifunga gari litembee. Bloku ya pili ninunue pole pole, hiyo ndiyo itobolewe. Coventry, nianzie wapi kupima?

MgeniWaCoventry:
Anza na unene wa ukuta kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nitumie picha ya uso wa bloku ikiwa imesafishwa, uweke rula ya chuma pembeni.