Mama aliwekewa kitanzi cha kuzuia mimba mwaka 1994 na hakikutolewa: naombeni ushauri

Mleta uzi: Wanajamvi, waliotutangulia kiumri shikamooni. Mama yangu ana miaka 63. Mwezi uliopita, nilipomsindikiza hospitali kwa mara ya nne mwaka huu kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokoma, aliniambia kwa sauti ya chini tukiwa bado kwenye benchi kwamba mwaka 1994, alipotimiza arobaini ya mdogo wetu wa mwisho, aliwekewa kitanzi, na hakumbuki kukitoa. Tulimweleza daktari, akapimwa utrasaundi, tukajibiwa kuwa mfuko wa uzazi ni mtupu, hivyo kitanzi kitakuwa kilitoka chenyewe. Mama anasema hakuwahi kukiona kikitoka, na mkojo wake bado una damu. Je, turidhike na jibu hilo?

Mkunga mstaafu: Marahaba mwanangu. Msiridhike. Utrasaundi huonyesha vizuri kilichomo ndani ya mfuko wa uzazi, lakini kitanzi kilichotoboa ukuta na kuhamia kwingine kinaweza kuipita bila kuonekana, ndiyo maana kabla ya kusema kimetoka ni lazima ipigwe eksirei ya tumbo lote pamoja na nyonga. Kutoboa huko ni nadra, takriban mwanamke 1 au 2 kati ya 1,000 wanaowekewa, ila hatari huongezeka kwa anayenyonyesha, kwa kuwa mfuko wa uzazi unakuwa bado laini. Kitanzi cha shaba hudumu miaka 10 hadi 12, na aliyekoma hedhi anapaswa kutolewa. Kikiingia kwenye kibofu, chumvi za mkojo hukigandia mwaka hadi mwaka mpaka jiwe linajengeka, na hapo dawa za maambukizi hutuliza wiki chache tu, kisha ugonjwa unarudi. Hata hivyo, damu kwenye mkojo katika umri wake ina sababu nyingine pia, kwa hiyo kibofu kichunguzwe hata kama eksirei haitaonyesha kitu.

Mchangiaji: Dada yangu naye aliambiwa kimetoka, akashika mimba bila kutarajia. Eksirei iliyopigwa baada ya kujifungua ilikionyesha kimenasa kwenye utando wa mafuta unaofunika utumbo, kikatolewa kwa upasuaji wa matundu madogo. Mpe pole mama, tafadhali. Wengi wa rika lake waliwekewa kwa siri na wanaona aibu kulitaja.

Mleta uzi: Nashukuru sana. Eksirei imepigwa leo asubuhi: herufi T nyeupe, yaani kitanzi chenyewe, imelala upande juu ya mfupa wa kinena, na mkono wake mmoja umefunikwa na jiwe lenye ukubwa wa kokwa la ubuyu. Daktari wa njia ya mkojo atamwona Jumatatu, aanze kwa kuingiza kamera kibofuni. Mama aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akaniuliza kama miaka yote ile maumivu yalikuwa hayo.