Naomba ushauri: video fupi kwa wanafunzi wa memwari (Lubumbashi)

Asistanti_Kampemba: Wapendwa, salamu kutoka Lubumbashi. Mimi ni asistanti chuo kikuu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wanaoandika memwari (kazi ya utafiti ya kumalizia chuo), wanakuja na maswali yale yale: problematiki, yaani swali kuu la utafiti, inaandikwaje, dhana, yaani jibu la kukisia, inatoka wapi, mada inawekewa mipaka gani. Wasimamizi wao hawaonekani kirahisi. Basi nimeanza kurekodi video fupi kwa simu, naziweka YouTube, kiungo natuma kwenye kundi la WhatsApp la promosheni, yaani wanafunzi wa mwaka huo. Je, video iwe dakika ngapi? Niseme Kifaransa, maana memwari inaandikwa Kifaransa, au Kiswahili? Nijibuni leo tafadhali, sina raha.

Fundi_Katuba: Dakika 6 zisipite. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichunguza video za masomo ya edX (jukwaa la kozi za mtandaoni), zilizotazamwa mara zaidi ya milioni 6, wakaona video fupi ndizo zinazoshika watu. Video moja, jambo moja: leo mipaka ya mahali na muda, kesho dhana. Herufi kubwa, aya moja kwenye kioo, kwa sababu mwenye mega chache atatazama kwa ubora wa chini na maandishi madogo hayatasomeka. Lugha: eleza kwa Kiswahili, mfano uandike Kifaransa.

Mama_wa_Ruashi: Mwanangu asistanti, Mungu akubariki. Binti yangu aliandika memwari yake gizani, umeme ukirudi usiku wa manane anaamka kuchapa. Flashi ikaharibika akiwa amebakiza sura ya mwisho. Alilia mpaka majirani wakaja wakidhani tuna msiba. Waambie watoto wajitumie kazi kwa imeili kila jioni, fanya video ya hilo kwanza!

Mzee_Kipushi: Sisi tulikaa maktaba. Kitabu kimoja, watu sita. Kijana wa leo anataka kutafuniwa hata utangulizi.

Yaya_BelAir: Asistanti, dakika hazimnyimi mtu raha. Umeonyesha nini ndani ya hizo video?

Asistanti_Kampemba: Mifano ya kawaida tu, yaya.

Yaya_BelAir: Mifano ya nani?

Asistanti_Kampemba: Haya. Kuna ukurasa wa mwanafunzi mmoja, utangulizi wake, wenye masahihisho ya profesa kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi ameandika kwamba biashara ya makaa "ina athari kubwa kwa jamii". Profesa amezungushia "jamii" duara, pembeni ameuliza: ipi, wapi, tangu lini? Mnaona? Hapo mtu anaelewa mipaka ya mada kuliko kwa saa nzima ya semina. Jina nimelifunika. Tangu jana huyo kijana haji, wala hapokei simu.

Yaya_BelAir: Ulimwomba ruhusa?

Asistanti_Kampemba: Jina halionekani. Na wenzake wengi wameniandikia kwamba sasa wameelewa. Mfano wa kubuni haufundishi hivyo, makosa yake yanakuwa safi mno.

Yaya_BelAir: Kwenye promosheni yenu wangapi wanaandika juu ya makaa?

Asistanti_Kampemba: Mmoja.

Kaka_Kenya: Mimi nikiona kalamu nyekundu hata sokoni mikono inatetemeka. Maskini kijana.

Mzee_Kipushi: Na mwandiko wa profesa je? Profesa naye ana heshima yake. Mwandiko wa mkubwa hautandazwi barabarani.

Kalamu_Kavu: Mnadanganywa nyote. Asistanti gani analeta hadharani jambo linaloweza kumharibia kazi? Halafu anajua vizuri mno uchungu wa ule ukurasa. Huyu ndiye kijana wa makaa mwenyewe, anatafuta watu wamlaani mwalimu wake.

Mama_wa_Ruashi: Kama ni wewe, mwanangu, pole sana.

Asistanti_Kampemba: Si mimi! Ningekuwa yeye, ningeitetea hata video ya pili?

Yaya_BelAir: Ya pili ipi?

Asistanti_Kampemba: Ya dhana. Nimeirekodi tayari, inatoka leo usiku. Ina sentensi mbili tu za yule kijana. Wenzake wanaingia kutetea memwari karibuni, siwezi kuwaacha hivi hivi.

Kalamu_Kavu: Basi nakuamini, na ndiyo mbaya zaidi.

Fundi_Katuba: Ndugu, chukua memwari yako ya zamani. Hukosi ukurasa wenye wekundu. Au andika mada nyingine, wauza samaki wa Kasenga, uweke kosa lile lile: "jamii" bila mahali wala muda. Kosa ndilo linalofundisha, makaa hayana kazi hapo.

Asistanti_Kampemba: Memwari yangu nilisahihishiwa kwa mdomo, hakuna alama. Ya Kasenga inawezekana kwa video zijazo. Ya kwanza nimeifanya ya faragha sasa hivi. Ya pili itatoka, sentensi mbili hazimtambulishi mtu. Kesho nitamsubiri kabla ya semina niongee naye. Fundi, ubora wa kurekodi nauweka ngapi ili faili iwe nyepesi?

Fundi_Katuba: Mipangilio ya kamera, 720p inakutosha. Kwenye YouTube mtazamaji atapunguza ubora mwenyewe.

Yaya_BelAir: Fundi, ungengoja kwanza. Asistanti, kijana hapokei simu tangu jana, na wewe unamngoja semina? Wenzake unao kwenye kundi. Uliza leo anakaa avenyu gani, uende.